Soli

Shigela alianza kuburuta kiatu cha kushoto
mwaka ule ziwa lilipopanda hadi kwenye vibanda vya Kirumba.
Fundi viatu ndiye aliyegundua, kabla ya daktari.
Aliigeuza soli, imelika kidoleni tu:
"Mumeo hakanyagi, mama. Anakwangua."

Miaka kumi na tisa ya magunia ya dagaa pale Mwaloni,
toka mtumbwini hadi kwenye lori, juu ya ubao
wa viganja viwili,
hatua, pumzi, hatua,
na gunia halijawahi kulowa mgongoni mwake.

Bugando wakamtoa damu. Ikasafirishwa mbali,
tukabaki na risiti miezi mitano.
Kisha binti wa maabara, Nyanzobe, akavuta kiti,
akachora nyuma ya bahasha mstari mmoja mrefu,
toka uti wa mgongo hadi kidole gumba.
"Hii ni seli moja ya neva. Moja, urefu karibu mita.
Ndani yake kuna njia, na njiani kuna wachukuzi."

Akamchora mmoja: miguu miwili, uso hana,
furushi limemzidi mwili.
Ni protini, akasema. Jina lake KIF5A,
kama namba ya boti.
Jeni ndiyo inayoagiza iundwe vipi,
na katika yako, baba, herufi moja imekosewa.
Moja.
Mguu unashika njia, unachelewa kuachia.
Mzigo unalala njiani,
na huko chini vidole vinangoja.

Nilidhani atauliza dawa.
"Hawa nao wanalipwa?"
"Kila hatua ina ujira wake. Bila huo hawanyanyui mguu."
"Wametuzidi," akasema. "Sisi mpaka gunia lifike."

Nyanzobe alicheka. Shigela hakucheka.
Akaomba kalamu, akaishika tu.
"Na Kabula?"
Binti akatafuta maneno, akapata sarafu mfukoni,
akaiweka juu ya bahasha bila kuirusha.

Kilima cha Bugando tulikishuka polepole.
Nilimshika kiwiko, na kwa mara ya kwanza
hakukivuta.

Usiku nikaamka, nusu ya kitanda baridi.
Alikuwa amechuchumaa mlangoni, tochi ya simu mdomoni,
amezigeuza kandambili za Kabula,
anazipima soli kwa dole gumba,
ya kushoto, ya kulia,
ya kushoto tena.