Barua ya Kioo Cheusi

Wiki ya kwanza walinipongeza.
"Macho meusi ti, kama ya paa," alisema mavyaa, Bi Zuwena,
akamvukizia ubani, akamsomea kinga ya kijicho.
Mimi nikaringa. Sikujua
kwamba ule weusi haukuwa rangi,
ulikuwa mlango uliosahauliwa wazi.

Hapa Ibra jua halibishi hodi.
Saa tatu asubuhi ukuta mweupe wa jirani unapiga kelele,
na Ghaniya, siku arubaini tu,
anajificha kwapani mwangu kama mtu aliyetukanwa.

Daktari alikuwa na Kiswahili cha mamake, cha Wete.
Alichora jicho nyuma ya karatasi ya dawa.
"Pazia lake halikushonwa," akasema.
"Kuna jeni, huitwa Paksi Sita.
Huyo ni nyapara: hashiki karai, hachanganyi udongo,
husimama tumboni mwa mama wiki ya nne
akiita: wewe lenzi, wewe pazia, wewe neva, haya!
Kila mtu anao wawili. Wa Ghaniya,
mmoja hana sauti."
"Si yuko wa pili?"
"Yuko. Ila kidole kimoja hakivunji chawa."

Inzi akatua mezani. Daktari hakumfukuza.
"Hata huyu, macho yake yaliitwa na nyapara wa ukoo huohuo."
Nilimtazama inzi kwa wivu.

Nyumbani Bi Zuwena akaanza kuhesabu vizazi:
kwetu hakuna. Kwenu Sur, je?
Tukatolewa damu, mimi na Badr.
Kabla majibu hayajarudi walimpima mtoto figo,
wakichelea mpasuko umefika hadi kwa jeni jirani.
Haukufika. Herufi moja tu iliruka,
na haikuruka kwangu wala kwa Badr.
Mwandishi aliteleza akinakili, basi.
Bi Zuwena alinyamaza siku mbili,
ya tatu akaleta kofia ya ukingo mpana, kaishona mwenyewe.

Jana, njia ya Bidiya, polisi akatusimamisha.
Vioo vya gari letu vimepita sheria kwa weusi.
Nikashusha kimoja, nikampa barua ya hospitali.
Akaisoma mara mbili, akainama.
Ghaniya akamgeukia, macho hayatulii,
yanatetema kama maji ya falaji penye changarawe.

Polisi hakusema neno.
Alisogea hatua moja kushoto,
akasimama baina ya mtoto na jua
mpaka nilipomaliza kupandisha kioo.