Mdomo wa Kuazima

Mutukula waligonga muhuri: siku tisini.
Nikavuka na begi, godoro la kukunja,
na Kiswahili changu nilichokipiga pasi.
Nilidhani nimebeba cha kutosha.

Nakivale, kiangazi. Wenyeji wanakiita ekyanda.
Vumbi linaamka kabla ya jogoo,
linaingia kwenye uji, kwenye daftari,
kwenye soksi zilizokunjwa sandukuni.
Saa moja kasoro foleni imeshaizunguka zahanati
na Sista Kyomuhangi ameshaniita mara mbili:
"Mswahili! Njoo na mdomo wako."

Ndiyo kazi yangu: mdomo.
Huyu anaharisha tangu juzi. Huyu jino.
Huyu ameanguka na baiskeli akibeba ndizi za watu.
Huyu haumwi, anauliza tu kama jina lake limetoka.
Asubuhi wagonjwa sitini, mchana chanjo Juru,
jioni kuhesabu vyandarua hadi vidole vinakosea,
usiku rolexi moja na chai ya rangi, nalala na viatu.
Mama akipiga simu namwambia: niko bize, niko salama.
Yote mawili kweli, na hayatoshi.

Tena Kiswahili hakikuwa kimoja.
Sokoni Wanyankole walikisikia wakanyoosha migongo,
kwao ni lugha ya askari kwenye kizuizi;
nikajifunza agandi upesi
nisije nikawatisha watu wanaouza nyanya.
Na watu wa Kivu walinicheka taratibu:
"Dada, unaongea sawa redio."
Wao walisema mayi, wakasema bintu, wakasema muzuri,
nami siku za kwanza, naungama,
nilikuwa nawasahihisha kimoyomoyo.

Nsimire Cibalonza, miaka thelathini na minne,
alikaa kwenye benchi, pochi mapajani, akasema neno moja:
"Minachoka."
Nikalivusha kwenda Kiingereza, safi, halikumwagika hata tone.
Daktari Tumuhimbise akavuta kope ya chini,
akaandika upungufu wa damu,
akaandika vidonge vyekundu, siku thelathini.
Anayefuata.

Wiki ya tatu akarudi. Minachoka.
Vidonge. Anayefuata.

Julai ikaisha nisione ilikopitia.
Mvua haikuja; foleni ilikuja.

Mara ya tatu alibeba kopo la maziwa ya unga.
Akalifungua: vidonge vyote, hata kimoja hakijamezwa.
Akalitikisa, vikalia kama kokoto.
"Niliwawekea," akasema. "Mupatie bagonjwa."

Nikafunga daftari.
Nikamuuliza, si kwa niaba ya mtu yeyote:
"Umechoka nini?"

Akasema.
Akasema mpaka Sista akachungulia mlangoni, akarudi zake.
Kulikuwa na nyumba ya mbao Bunyakiri, dirisha la buluu.
Kulikuwa na mume aliyekwenda kununua chumvi.
Kulikuwa na foleni, ya mahindi, ya mayi, ya picha, ya kuchapa vidole,
miaka kumi na mmoja ya kuitwa kwa nambari,
na mtoto anayeweweseka kwa Kinyankole,
mama yake amekaa gizani pembeni yake
hajui anaota nini.

Daktari akainua macho: "Amesema nini?"
Nilikuwa na lugha tatu mdomoni.
Nikajibu, "Anasema amechoka."
Akanitazama. Akamtazama yeye.
Safari hii kalamu haikugusa karatasi.
Akakivuta kiti chake kikatoka nyuma ya meza.

Agosti wakanipa cheti, jina langu limekosewa herufi.
Nimekiacha hivyo hivyo.

Juzi Dodoma, wodini, mafunzo kwa vitendo,
nilimwambia mgonjwa: "Kunywa mayi mingi, mama."
Wenzangu wakaangua kicheko.
Sikujisahihisha.
Yule mama alikuwa ameshaishika glasi.