Hakuna la Kuripoti

Saa kumi na mbili asubuhi redio inakohoa.
"Ulenge, Ulenge, mnasikika?"
Tunasikika.
Koplo Mazigo hapa. Upepo wa wastani,
meli tatu nangani, hakuna la kuripoti.

Kisha nakung'uta majivu ya jana, nawasha moto,
nabandika chai ya rangi
na kuipimia sukari kwa ncha ya kijiko,
maana boti ya posho huja Alhamisi,
na Alhamisi, ukiwa hapa, ni nchi ya mbali.

Chumvi ndiye mkubwa wetu wa kambi.
Huingia bila hodi, hukagua kila kitu.
Bawaba za dirisha kazila.
Zipu ya begi langu kaifunga moja kwa moja.
Sare nikiifua kwa maji ya bahari
hukauka ikasimama yenyewe,
na Sajenti Semboja, siku moja, katoka usingizini
akaipigia saluti.
Tulicheka siku mbili.

Mimi mtu wa Ukara. Nimekulia maji mlangoni,
maji ya kuchota kwa kiganja ukanywa
ukaendelea kupiga kasia.
Mama akinipigia (na simu hapa hushika
juu ya jiwe moja tu, mguu mmoja hewani)
huuliza lile lile:
"Mwanangu, mmezungukwa na maji,
halafu serikali inawaletea maji kwa madumu?"
Ndiyo, mama.
"Na mnayahesabu?"
Tunayahesabu. Kumi na manne. Moja linavuja.
Kimya. Kisha:
"Basi hilo linalovuja, anzeni nalo."

Mchana ni wa kutu.
Tunakwangua, tunapaka rangi,
tukifika juu ya ngazi, chini kumeshaanza upya.
Panya wanakula sabuni.
Sajenti analala kidogo, anakoroma Kisambaa.

Na usiku Tanga yote inawaka mbele yangu,
taa za Raskazone, taa za bandarini,
karibu kiasi cha kuazima kiberiti,
mbali kama sahihi kwenye karatasi ya likizo.
Upepo ukigeuka naletewa harusi ya watu,
nusu ya ngoma, nusu ya vigelegele,
pilau hailetwi.

Ile meli ya klinka, ya kijani,
ilikaa nangani siku kumi na moja.
Ubavuni maandishi nisiyoyajua.
Kwenye darubini nilimwona mtu
akianika shati jekundu kwenye reli,
kisha akala wima, sufuria mkononi,
akitazama huku.
Ndipo nilipojua: kwake yeye
mwisho wa dunia ni hapa,
na mimi ndiye kile kijiti kinachotembea ufukweni.

Nikapunga taulo. Kanuni haziruhusu.
Alichelewa kidogo,
halafu akainua sufuria.

Ikawa hivyo kila siku, saa saba na nusu.
Taulo. Sufuria.
Jina lake sikulijua, wala lugha, wala
kama naye ana mama anayemuuliza habari za maji.

Jumatatu niliandika kitabuni:
*Meli ya kijani imeng'oa nanga saa tisa na dakika kumi.
Inaelekea kusini.*
Pembeni kuna safu ya Maelezo Mengineyo.
Miezi saba nimeiacha nyeupe.
Kalamu ikasita, kisha ikaandika:
*Shati jekundu limeanuliwa.*

Sajenti akasoma. "Hii ni alama ya siri?"
Hapana, afande.
Akaitazama bahari, pale palipokuwa na meli,
muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.
Hakufuta. Akatia sahihi yake, akaenda kuloweka maharage.

Akarudi mlangoni, mikono inachuruzika:
"Mazigo, dumu la saba nalo limeanza kuvuja."
Nikasema, basi, afande,
kesho tunaanza na hilo.