Funguo za Chumba Namba Kumi na Moja

Barua imekuja na muhuri wa manispaa:
chumba namba kumi na moja kiwe kitupu kabla ya Jumatatu,
tanuri litolewe, meza zenye madoa ziuzwe kama kuni,
viingie viti thelathini vya mazoezi ya mitihani.
Imeandikwa kwa adabu. Imenitaja kwa jina:
Bwana Zenon Kurzeja, mtunza shule.

Basi nimekuja usiku huu wa Ijumaa,
theluji ya Wałbrzych ikisagika chini ya buti.

Mimi si mtu wa sanaa.
Nilishuka mgodini nina miaka kumi na tisa,
nikapanda mara ya mwisho mwaka walipoufunga,
na mapafu yangu hadi leo hukohoa habari za huko.
Shuleni tulifundishwa kuhesabu mabehewa.
Hakuna aliyetuuliza giza lile lina rangi gani.

Lina rangi.
Nimelijua jina lake uzeeni,
siku niliyokuja humu kuziba bomba
na Mwalimu Bogumiła akachovya kidole katika kopo,
akakipitisha juu ya kigae.
Ni buluu, alisema. Buluu iliyokataa kutoka.
Niliketi juu ya ndoo. Bomba likaendelea kuvuja.

Na Kalina, aliyerudishwa darasa mara mbili,
anayetokwa jasho akiona sehemu na asili yake,
ndiye aliyegundua kwamba udongo hunywea motoni,
sehemu moja katika kumi.
Alitaka bakuli la kuenea mkono wa bibi yake,
mkono uliopooza, usiokunjuka.
Akaupima kwa uzi,
akaongeza moja juu ya kila tisa,
akavunja matatu, akafinyanga la nne.

Nilipomsimulia diwani, alipiga kofi la furaha:
Ahaa! Kumbe sanaa inasaidia hesabu!
Nikanyamaza. Mshahara una adabu zake.
Lakini sivyo, Bwana Diwani.
Hesabu ndiyo iliyolisaidia bakuli,
bakuli likausaidia mkono,
na bibi sasa anakunywa supu yake
bila kumwomba mtu.

Rafuni vimebaki vyombo ishirini na viwili, vibichi:
farasi mwenye miguu mitano,
kikombe kisicho na mpini,
kitu cha Ignaś ambacho hata yeye hakijui.
Mvua moja tu, vyote ni tope.

Udongo uwahi ungali maji, husemwa.
Huu maji yameshauacha. Umebaki moto,
na moto, jamani, mimi naujua.

Navipanga kimoja kimoja, visigusane.
Nafunga mlango wa tanuri, nageuza swichi.
Barua ilisema litoke kabla ya Jumatatu;
haikusema liwe limelala njaa.
Bili ya umeme nitaiandika chini ya "matengenezo".

Navuta ndoo ile ile.
Kwenye kitundu cha mlango panaanza kuwa pekundu,
kidogo,
kama taa ya mwenzako
anayekuja kwa mbali chini ya ardhi.