Kigingi cha Mwariki

Gesare, umeniuliza nilimpataje dalali wa hisa,
nami nimekuwa nikikwepa, nikikumiminia chai.
Basi kaa. Weka chini hiyo suruali ya sare, pindo litangoja.

Walikuwa watatu, wote ndani ya simu.
Wa kwanza programu yake ilipendeza:
ukinunua hisa kumi, karatasi za rangi humwagika kwenye kioo
kama harusini. Nikajiuliza,
ukipoteza, humwagika nini?
Wa pili alisifiwa na shemeji Obare,
ambaye husifu kila kitu mpaka wiki ya tatu.
Wa tatu alikuwa mkavu kama risiti.
Lakini ada yake iliandikwa juu, si chini kwa herufi za chawa,
jina lake nililikuta kwenye orodha ya wenye leseni,
na nilipopiga simu asubuhi ya mvua
akapokea mtu. Mtu, Gesare. Alikuwa anatafuna kitu.
Akaomba radhi, akameza, akanijibu.
Nilimchagua kwa ajili ya kule kumeza.

Nikanunua kwa ishirini na mbili:
pesa za sare za shule mbili, Januari nzima,
vidole vimetobolewa na sindano.
Kisha nikaweka amri ya kuzuia hasara.
Bei ikigusa kumi na tisa, uza.
Usiniulize, usinihurumie.
Nikalala kama mtu aliyetia komeo.

Unakikumbuka kigingi cha baba?
Mwaka ule ziwa lilipoanza kutufuata Mwariki
alichonga mti wa mkalitusi, akaupaka rangi nyekundu,
akaupigilia hatua arobaini kutoka jikoni.
"Maji yakigusa hapa, tunahama. Hakuna mjadala."
Kila asubuhi tulikwenda kukitazama,
na maji yalikuwa na adabu, yakija kidole kwa kidole.
Koros, jirani, alisema yeye hatoki
mpaka apate mtu wa kumlipa bei ya kiwanja chake, kamili,
bila kupungua hata shilingi.

Halafu usiku mmoja mvua ilipiga huko Mau,
mto Njoro ukashuka na magogo,
na alfajiri kigingi hakikuonekana.
Maji hayakukigusa. Yalikiruka.
Tulihama, ndiyo, kama tulivyoapa,
ila magoti yalikuwa yamekwisha kulowa
na mama amebeba cherehani kichwani.

Hisa zangu nazo vivyo hivyo.
Ijumaa soko lilifungwa bei ikiwa ishirini na senti.
Jumamosi zikatoka habari mbaya za kampuni.
Jumatatu likafunguliwa kwa kumi na sita.
Kumi na tisa haikuwepo, hakuna aliyeiona ikipita.
Amri yangu iliamka, ikatii,
ikauza kwa kumi na sita.

Nikampigia yule mtafunaji. Anaitwa Wekulo.
Nilipiga kelele hadi wateja wakatoka dukani.
Akaningoja nimalize.
"Mama, kikomo si bei. Ni kengele tu.
Ikilia, tunauza kwa bei tutakayoikuta mlangoni.
Ipo amri nyingine, ya kutouza chini ya kiasi fulani,
ila hiyo bei ikiiruka, inabaki pale pale
ikingoja mnunuzi ambaye huenda asije."

Nikanyamaza. Nilikuwa namwona Koros,
au tuseme paa la Koros,
mabati matatu juu ya maji
na mwari mmoja amesimama hapo akijikuna.

Mwezi wa tatu bei ilirudi ishirini na moja.
Ndiyo, niliona. Usinitazame hivyo.
Niliumwa tumbo siku mbili, nikanywa maji moto,
nikarudi kwenye vifungo.

Vigingi bado naviweka.
Ila pesa ya uzi na ya kodi ya duka siipeleki tena ufuoni.
Nayo iliyobaki huihesabu mapema
kana kwamba nimekwisha kulowa magoti.

Haya, leta hiyo suruali. Ni ya darasa la nne?
Usikate kitambaa. Kunja inchi mbili ndani, shona kwa mkono.
Mtoto hasemi usiku gani atarefuka.