Karani na Saa ya Baba

Baba alituachia vyumba viwili kwenye kota za reli, Tororo,
baiskeli isiyo na mnyororo, deni dukani kwa Wabwire,
na kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, jina lake Karani.
Ndugu zangu waligawana vinavyobebeka.
Karani akabaki nami,
kwa kuwa nilikuwa wa mwisho kufika mazishini.

Umpe shubiri, achukue pima, ndivyo wasemavyo.
Mimi nilimpa kidole.
Damu ikadondokea gomesi ya Bi Nyafwono,
gomesi ya harusi, rangi ya maziwa.
Nikapiga yowe. Karani akainua kichwa,
akalirudia yowe langu, pumzi kwa pumzi,
akalirudia hadi saa nne usiku.

Mtaa mzima ukawa daktari.
Paka pilipili kidoleni, alisema Othieno wa mkaa.
Mgonge mdomo kwa kijiko, alisema mama mkwe wake.
Mchungaji alisimama mbali na tundu, akaomba kwa kifupi.
Opendi, mwanangu, miaka kumi na miwili, alisema:
"Mwache, Mama. Hata mimi ningekuuma."
Sikumjibu. Nilikuwa na pini mdomoni.

Nikaanza kumsoma.
Mboni ikitanuka na kunywea, ikitanuka na kunywea,
kama utambi unaopigwa na upepo: rudisha mkono.
Manyoya ya shingo yakisimama: rudisha mkono.
Akiinamisha kichwa na kutulia tuli, usidhani ni adabu.
Nikajifunza kutokivuta kidole kikishashikwa,
maana kuvuta ndiko kunakochana;
kukisogeza kwake, taratibu, mpaka mdomo ulegee.
Nikajifunza kunyamaza.
Hilo lilinigharimu kuliko plasta zote.
Yowe langu kwake lilikuwa ngoma.
Nilipomshusha bila neno, nikampa mgongo,
nikashona mshono mmoja, kisha nikageuka,
ngoma ilikosa mpigaji.
Karanga moja kwa kila kitambo cha amani.
Wabwire akaandika karanga kwenye deni la marehemu.

Wiki ya sita akapanda kijiti, kisha mkono wa kulia.
Wa kushoto aliendelea kuutafuna,
hasa saa kumi na mbili jioni,
treni ya mizigo ikipiga honi kutoka upande wa Malaba
na kivuli cha mwamba kikiwa kimeshafika mlangoni.

Ni Opendi aliyeona.
"Si wewe anayekutaka, Mama. Ni saa."

Saa ya Baba, mkanda wa ngozi,
ngozi iliyokunywa jasho lake miaka thelathini
akipungia treni bendera ya kijani.
Niliivaa siku ya matanga nikasahau kuivua.
Au sikusahau.
Nikayatazama makovu ya kifundo changu:
yote yalikuwa kandokando ya bakoli,
kama ya mtu anayehangaika kufungua kifungo cha mwingine.

Nikaivua. Nikaifunga kwenye kijiti chake cha kulalia.
Karani akaisogelea ubavu ubavu,
akaishika kwa mguu mmoja. Hakuing'ata.
Akakohoa kikohozi cha Baba,
kile kifupi, cha kabla ya kuvua viatu,
kisha akauliza, "Mmekula?"
Opendi akaitika kabla yangu: "Bado."

Jana ameniuma tena. Nilimnyima hindi bichi.
Sikupiga yowe. Nilimshusha, nikageuka,
nikamkuta Opendi nyuma yangu, mikono mifukoni,
akiuliza sare yake itaisha lini,
kesho wanafungua shule, wenzake wote wanazo,
mimi nashona za watoto wa watu tu.
Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.
Nikaufunga.
Nikashona mshono mmoja.