Herufi Moja

Mimi ndiye mwenye daftari.
Kasulu wananipigia alfajiri, mtandao haujachoka,
Kibondo usiku, Uvinza wakishapanda kilimani kutafuta mnara,
nami hapa Mwanga, juu ya duka la pembejeo,
naandika: jina, kijiji, tarehe ya kukamatwa,
kosa,
na safu ya tano niliyoichora mwenyewe kwa rula:
aliambiwa nini kabla ya pingu.

Safu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Daudi Ntibahezwa, mkulima wa maharage, Heru Juu.
Baiskeli ya jirani imepotea.
Walikuwa wanaume watatu barabarani, wote vumbi moja.
Askari akamwambia: sema "kula."
Akasema "kura."
Sema tena.
"Kura."
Wenzake wawili wakaenda zao.

Mwaka wa uchaguzi neno lile lile
lilimtoka sawasawa,
akachovya kidole katika wino, akashukuriwa kwa uzalendo.
Siku ile hakuna aliyeuliza babu yake alivuka Malagarasi lini.

Mahakamani: upelelezi haujakamilika.
Wiki mbili. Haujakamilika.
Dhamana iko wazi, asema hakimu, wala hasemi uongo:
iko wazi kama mlango wa ghorofani usio na ngazi.
Mdhamini awe na kitambulisho cha taifa.
Cha kaka yake kiko kwenye uhakiki
tangu kifungua mimba wake hajaota meno.
Sasa mtoto huyo anachunga mbuzi.

Tukaitana. Wilaya sita, ukumbi wa parokia, Gungu,
feni moja, chai ya rangi, mihogo iliyokaangwa kwa mawese.
Nilidhani kuratibu ni kupanga viti na kugawa nauli.
Kumbe ni kukaa katikati ya neno moja
watu wazima wakilivuta kama kamba.

Wakili Ruhomvya, tai shingoni, alitaka andiko liseme
"changamoto za utambuzi."
Tukitaja kabila, alisema, watafunga faili ukurasa wa kwanza.
Nchi hii haina ukabila. Tumefundishwa hivyo,
na kweli, tulifundishwa.

Mwamvita wa Ujiji akainuka. Mmanyema,
bibi zake wamezikwa pale reli haijafika.
Akasema: mimi sijawahi kukamatwa na changamoto.
Nimekamatwa kwa jina la ukoo wangu,
stendi, saa nne asubuhi, mtoto mgongoni.
Andikeni hilo.

Feni ikaendelea kulalamika.
Buhigwe ikamuunga mkono, Kakonko ikaogopa,
Kibondo ikatoka nje kufikiri, ikarudi na harufu ya sigara.
Nikafungua daftari, nikasoma safu ya tano
peke yake, bila majina.

"Pua hiyo umeitoa wapi?"
"Unatembea kama wa kule."
"Sema kula."
"Sema kula."
"Sema kula."

Mara kumi na saba.
Kwenye ya tisa Ruhomvya akalegeza tai.

Tulimaliza usiku. Kurasa nne, maombi matatu:
barua ya mtendaji wa kijiji itoshe kudhamini;
lafudhi isiwe sababu ya kumshuku mtu;
mahabusu wahesabiwe, na hesabu isomwe hadharani.
"Kabila" halikuingia. "Lugha na asili" yaliingia.
Mwamvita alitia saini bila kutabasamu.

Jumatatu, ofisini, karani akapiga muhuri:
IMEPOKELEWA.
Wino wa zambarau, rangi ile ile
ya kidole cha Daudi.

Jumapili nikaenda gerezani. Yustina, mkewe,
alikuwa amefika mbele yangu na kapu.
Nikamwambia Daudi: karatasi imefika.
Akauliza: na jibu?
Nikatazama daftari, kana kwamba limeandikwa humo.

Hakuningoja. Akafungua kitambaa,
ugali wa muhogo, dagaa, moshi bado unatoka,
akasogea kando ili nipate nafasi kwenye benchi.

"Karibu kura," akasema.

Askari wa zamu akageuza shingo.
Nikanawa. Nikamega tonge.